Akiba Yako Leo

Mtaani walikuwa na usemi wao: ukimwona Birika ndani ya duka kubwa, ujue bei zimelala chali. Jina hilo alipachikwa kwa ajili ya mkono wake, ule mkono wa birika usiotoa ovyo, na alishalizoea hata watoto wadogo wakimwita hivyo anaitika bila kununa. Aliyetaka kununua kitanda bila kuibiwa alimwomba aende naye. Wauza vyombo wa sokoni wakimwona anakuja walianza kuguna. "Leo tumekwisha," walisema, na kweli, aliwabana mpaka wakamwambia, "Mama, chukua tu, uende zako."

Basi huyo ndiye aliyeingia duka la barabara kuu wakati wa punguzo la mwisho wa mwaka, na asidhani mtu kwamba aliingia kichwa kichwa. Alifuata vitu viwili tu, godoro na sanduku la bati. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na kila mwanafunzi alitakiwa kufika na godoro lake na sanduku lenye kufuli. Tangu habari hiyo ifike, mtaa mzima ulikuwa unamwita binti huyo Nesi. Mwenye kikohozi alisimama dirishani, "Nesi, nimeze nini?" naye Nesi anacheka, anawaambia wangoje kwanza asome.

Birika akapita chini ya vitambaa vyekundu vya punguzo bila kugeuza shingo. Alipita viatu, akapita mapazia, akapita seti za sahani zilizokuwa zinamkonyeza. Godoro alilichagua kwa kulikandamiza na goti, sanduku kwa kuligonga tumboni, akaenda kulipa. Keshia alikuwa msichana aliyechoka lakini aliyefundishwa kutabasamu. Akapiga hesabu, akachana risiti na kuisoma kwa sauti, kama alivyoagizwa na wakubwa wake.

"Hongera, mama. Akiba yako leo ni elfu thelathini na tano."

"Yangu?"

"Yako, mama. Imeandikwa hapo chini. Anayefuata!"

Birika akasogea pembeni, akaisoma mwenyewe. Hakuwa mtu wa kusomewa. Chini kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa AKIBA YAKO LEO, na mbele yake hizo elfu thelathini na tano. Akainua macho. Juu ya mlango kilitundikwa kitambaa kirefu: MSIMU WA AKIBA. NUNUA ZAIDI, WEKA AKIBA ZAIDI. MWISHO WA MSIMU NI IJUMAA.

Sasa, Birika alikuwa mwanachama wa chama cha akiba cha kina mama tangu Nesi anatambaa. Kila walipokutana, mwekahazina aliandika kikaratasi, akasimama, akasema maneno yaleyale: "Mama, akiba yako leo ni elfu tano," na wenzake wakapiga makofi. Msimu ukiisha walikaa chini wakagawana, kila mtu na chake, senti haipotei. Ada ya Nesi ilitoka humo humo. Kwa Birika, akiba halikuwa neno la kuchezea. Lilikuwa na maana moja tu: pesa yako iliyowekwa mahali, na siku yake ikifika unaifuata. Angekuwa hajui kusoma angepona. Lakini alijua, na alisoma kilichoandikwa.


"Duka nalo limekuwa chama?" mumewe aliuliza jioni hiyo.

Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu mpole, kila siku akirudi kazini na matone meupe kwenye kope. Aliisoma risiti mara mbili, akiwa ameishika kwa ncha za vidole ili asiichafue.

"Wanataka watu warudi kwao," Birika alisema. "Wanakupa kidogo ili kesho usiende kwa mwingine. Wafanyabiashara si nawajua mimi!"

"Ni kweli, imeandikwa yako."

"Tena kwa herufi kubwa."

"Basi wewe kiboko, Mama Nesi. Hata duka kubwa umelibana likatema."

Wakacheka. Halafu Birika akavuta kigoda karibu, akashusha sauti kama anayeogopa bei isisikie ikapanda. Kule dukani aliona friji. Bei ya zamani ilikuwa milioni na laki mbili, imefutwa kwa mstari mwekundu. Bei ya sasa laki saba.

"Laki saba ndiyo ada," mumewe akasema.

"Nisikilize kwanza. Nikitoa hizo saba, naweka akiba laki tano. Msimu wao unaisha Ijumaa, Jumamosi naenda kuchukua changu. Wewe Jumatatu mkandarasi anakupa laki mbili za ile nyumba. Tano na mbili?"

"Saba."

"Ada inatakiwa Jumatano. Tumeshalipa, na friji liko ndani linanguruma."

"Friji la nini, mama? Sisi tunaolala njaa tukaamkia chai, tutaweka nini humo?"

"Na ada ya muhula wa pili itatoka wapi? Kwenye brashi yako? Maji ya baridi, barafu, juisi. Wajenzi wote wa pale juu wanapita mlangoni kwetu na koo kavu. Friji ndilo litakalomsomesha Nesi mpaka amalize."

Fundi rangi akafikiri. Katika nyumba ile yeye alipaka na mkewe akashika pesa, na hawakuwahi kulala wakidaiwa.

"Kwa hiyo friji linakuwa la laki mbili," alisema polepole. "Hata la wizi haliuzwi hivyo."

Maneno hayo yangewashtua. Badala yake yaliwachekesha tena, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kesho yake friji likanunuliwa. Keshia alipotamka "akiba yako leo ni laki tano," watu waliokuwa nyuma walipiga mluzi, na Birika akainamisha uso kwa aibu ya furaha. Vijana wawili walilileta kwa mkokoteni. Kabla jua halijatua lilikuwa limeshajaa chupa za maji, na mjenzi wa kwanza alipokunywa akasema "Ahaa!" hata Birika akaona kama amemsikia Nesi akiitwa jina lake siku ya kuhitimu.


Jumamosi alivaa gauni lake la kutokea na kubeba mkoba wenye zipu. Msichana wa kaunta ya wateja alikuwa na foleni ndefu. Birika akapanga mstari kwa utulivu. Zamu yake ilipofika akaweka risiti zote mbili mezani, akazilainisha kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Unarudisha nini?"

"Marahaba. Sirudishi kitu. Nimekuja kuchukua akiba yangu."

"Akiba gani, mama?"

"Hiyo. Laki tano na elfu thelathini na tano. Zijumlishe mwenyewe."

Msichana akazitazama risiti, akamtazama mama, akazitazama tena. "Mama, hii siyo ya kuchukua."

"Msimu si uliisha jana?"

"Umeisha, lakini haichukuliwi."

"Kama hamtoi taslimu niwekeeni kwenye simu, hakuna neno. Namba yangu hii hapa."

Nyuma yake mtu aliguna, mwingine akauliza kuna nini, wa tatu akamweleza. Kicheko kikatembea kwenye foleni kutoka mbele kwenda nyuma. "Na mimi nipeni yangu!" kijana mmoja alipaza sauti. "Nina laki mbili huko, nimezisahau!" Watu wakaangua kicheko. Birika naye akacheka nao kidogo, akidhani wanaicheka kaunta.

Alikuwepo mzee mmoja aliyekumbatia pasi iliyoungua. Yeye hakucheka. "Lakini imeandikwa yako," alisema. "Nisomeeni mimi kama naona vibaya. Imeandikwa akiba yako."

Ndipo meneja akaitwa. Alikuwa kijana wa umri wa kuweza kuzaliwa na Birika, na alimwamkia vizuri, akamsogeza pembeni karibu na mafeni, akazungumza kwa sauti ya chini. Hakumtukana. Pengine angemtukana ingekuwa nafuu, angepata mtu wa kumkasirikia.

"Mama yangu, ngoja nikueleweshe. Akiba hapa maana yake ni pesa ambayo hukuitumia."

"Naam. Ndiyo naitaka hiyo. Ambayo sikuitumia."

"Haipo, mama."

"Imekwenda wapi?"

"Haijaenda popote. Bei ilikuwa milioni na laki mbili, wewe ukalipa laki saba. Ile tofauti ndiyo akiba."

"Tofauti anayo nani?"

Meneja akaichukua risiti, akaisoma upya.

"Mimi sina," Birika akasema. Alinyoosha vidole, akahesabu kama anavyohesabu sokoni. "Nilikuja hapa na laki saba, nikaondoka bila kitu. Kwa hiyo mimi sina. Nyinyi mnasema hamna. Sasa baba, nani anayo? Pesa haiwi akiba bila kukaa kwa mtu."

"Ni namna ya kusema tu, mama. Ni matangazo."

"Namna ya kusema." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Mbona bei hamkuiweka namna ya kusema? Bei mlichukua kweli."

Aliona vizuri sasa, aliona yote kwa mara moja. Akashika ukingo wa rafu. Hakuwa mtu wa kuomba, wala hakujua kuomba; alijua kupatana bei tu, na kitu cha kupatana hakikuwepo.

"Basi lichukueni friji lenu," alisema. "Nimelitunza, halina hata mkwaruzo. Nirudishieni laki sita. Laki sita tu, nyingine kuleni."

"Mali ya punguzo hairudi, mama. Imeandikwa nyuma ya risiti."

Akaigeuza. Kweli, nyuma palikuwa na maandishi, madogo kama sisimizi. Mbele waliandika kwa herufi za kusomwa na kipofu, nyuma wakaandika kwa herufi za kujificha.

"Ni ada ya mtoto," alisema. "Jumatano asipolipa, nafasi yake wanampa mwingine."

Meneja akamwomba angoje. Akaenda stoo, akarudi na kikombe cha plastiki chekundu chenye jina la duka, akampa kwa mikono miwili. Birika akakipokea. Mkono wake haukuwahi kukataa cha bure, ukakipokea wenyewe kabla hajafikiri, na njia nzima ya kurudi alikuwa nacho mkononi, akiona haya kukibeba na akishindwa kukitupa.


Mumewe alikuwa uani anasafisha brashi. Birika alimwambia wima, bila kuketi, bila kuzunguka. Fundi rangi aliendelea kusugua ile brashi mpaka maneno yakaisha, na baada ya hapo akaendelea kuisugua ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Sema kitu, baba."

"Niseme nini?"

"Nitukane. Sema mimi mpumbavu."

"Ile risiti niliisoma hata mimi," alisema. "Mara mbili. Nikaona imeandikwa yako." Akainua uso, macho yamejaa maji. "Tulikuwa wawili, mke wangu, na wote tumesoma."

Hapo Birika akaketi chini kwenye sakafu ya uani na kulia, mdomo ameuziba kwa mkono wasisikie wapangaji.

Wapangaji walishasikia. Katika foleni ya duka alikuwemo mtu wa mtaa wao, na habari ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Jumapili alipokwenda kwa wenzake wa chama kuuliza mkopo, walimkaribisha vizuri mno, kwa upole ule wa kumhurumia mtu huku unamchungulia. Sanduku la chama lilikuwa tupu. Walikuwa wamegawana juzi juzi tu, na karibu kila mmoja alikuwa ameshaingia kwenye punguzo na kutoka na kapeti, au redio, au viatu vya watoto ambavyo miguu haijavifikia. Mwekahazina alimpa elfu ishirini yake mwenyewe. Birika alipogeuka kuondoka, mtu ndani akanong'ona, "Nipe akiba yangu," na kicheko kikabanwa kikatokea puani. Alikisikia. Alitembea kama hakukisikia.

Jumatatu mkandarasi alimlipa fundi rangi laki moja, nusu ya haki yake. Nusu nyingine, alisema, atampa ukuta wa nyuma ukikauka. "Rangi yako ndiyo inayochelewesha, si mimi," alimtania, na fundi rangi akalazimika kuucheka utani wa mwenye pesa.

Likabaki friji. Mwenye duka la kona alikuja kulitazama akiwa amefunga mikono nyuma. Miaka yote huyo alikuwa akibanwa na Birika kwa kila kibiriti na kila kipande cha sabuni. Alifungua mlango wa friji, akaingiza kichwa, akagusa chupa za maji.

"Limeshatumika," alisema.

"Siku tano!"

"Limetumika ni limetumika. Laki tatu."

"Nimelipa saba wiki iliyopita."

"Ulilipa wewe. Mimi sikuwepo." Akafunga mlango, akaufungua tena kusikiliza raba yake. "Na wakilishusha bei tena mwakani?"

"Nipe tano. Nakuomba, jirani."

Mwenye duka akashangaa. Neno hilo hakuwahi kulisikia katika kinywa kile. Lilimfurahisha kwa nusu dakika, halafu likamkaa vibaya, lakini biashara ni biashara na yeye pia alikuwa na wanawe. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha," alisema. "Mwenye haraka hana bei. Laki tatu na nusu, nakuongezea kwa sababu ya Nesi. Ukikataa mimi naenda, sina kinyongo."

Birika alijua maneno ya kumjibu. Alikuwa nayo kama hamsini, ameyatumia sokoni maisha yake yote: geuka uondoke, cheka, mtajie mnunuzi mwingine, mwache akuite. Akageuka aondoke. Alipiga hatua mbili ndani ya chumba chake mwenyewe, akakuta hana pa kwenda.

"Lichukue," alisema.


Nesi alirudi Jumanne kutoka kuwaaga ndugu. Alizunguka kwa shangazi na kwa wajomba, na kila nyumba ilimpa kitu: kalamu, taulo, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde wa kupimia mapigo ya wagonjwa. Aliingia na hivyo vyote mikononi, akavipanga kitandani, akaomba mama aje aone. Birika akaja. Hakutaka mtoto aambiwe na mtu mwingine, wala hakutaka mumewe ambebee mzigo wake. Akamwambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni.

Nesi hakupiga kelele. Aliisoma ile risiti, mbele na nyuma, akaikunja vizuri.

"Tumepungukiwa ngapi, mama?"

"Laki mbili na zaidi."

"Basi siyo zote. Nitaongea nao chuoni. Nitawaambia nyingine inakuja, na baba anamdai mkandarasi. Wale nao wana watoto."

"Nitakwenda na wewe. Nitapiga magoti kama ni magoti."

"Hapana, mama." Alisema haraka, halafu akaliwekea neno hilo tabasamu. "Nikienda na wewe wataniona mtoto. Acha niende mwenyewe."

Birika alijua hakukataliwa kwa sababu hiyo. Binti hakutaka mama yake acheke tena na watu wanaomcheka.

Jumatano asubuhi fundi rangi alimfungia sanduku na godoro nyuma ya baiskeli ya kukodi, akamsindikiza mpaka kituoni. Majirani walitoka milangoni. Hakuna aliyemtania mama siku hiyo. "Nesi, nenda salama! Nesi, ukirudi utuchome sindano kwa upole!" Nesi akapunga mkono huku na huku, amevaa saa yake, kichwa juu.

Siku ile Birika alipika. Alikwenda sokoni akanunua nyama na mchele kwa bei waliyomtajia, hakusema kitu, na muuza nyama akamwuliza kama anaumwa. Alipika chakula cha watu watatu, akajiambia kitaliwa na watu wawili na kingine kitalala. Kila baada ya muda alitoka mlangoni kutazama barabara. Ilipokuwa mchana, na barabara bado ni tupu, akaanza kuamini. Kama wangemkataa, si angekuwa amesharudi? Saa nane ikapita. Akapata nguvu ya kufagia. Saa tisa akawa anaimba chini chini, na mumewe aliyejifanya kurekebisha bawaba ya mlango alimsikia, naye akaanza kuitikia kwa mluzi.

Alasiri wakamwona anakuja. Sanduku lilikuwa kichwani. Godoro lilikuwa limebebwa na kijana wa mkokoteni nyuma yake. Alipita mlango kwa mlango, na majirani waliomuaga asubuhi wakarudi ndani kimya kimya, mmoja mmoja, ili wasimlazimishe kusalimia.

Fundi rangi akalipokea sanduku. Birika hakuweza kusogea.

"Wamesemaje?" baba aliuliza.

Nesi alikuwa amenawa uso mahali fulani njiani. Nywele za kwenye paji zilikuwa bado mbichi. "Wamekubali," alisema.

"Wamekubali?"

"Wamekubali. Mimi ndiye niliyekataa." Akavua viatu, akaviweka sawa ukutani, bila kumtazama mtu. "Walitupitisha wodini kwanza, wageni wote, tuone kazi ilivyo. Kulikuwa na mtu ameletwa wa ajali. Mama, nilipoona ile damu nikasikia kizunguzungu, karibu nianguke. Nikawaambia samahani, hii kazi siiwezi. Mimi naogopa damu."

Baba akautazama mguu wake. Fundi rangi alipoanguka kutoka ghorofani na mguu kupasuka mpaka mfupa, wanaume wazima waligeuza nyuso. Huyu binti, akiwa na miaka kumi na mbili, ndiye aliyepiga magoti kwenye lile dimbwi, akaukandamiza mguu kwa kitambaa chake cha shule, akawa anamwimbia baba yake mpaka gari lilipofika. Wote watatu walilijua hilo. Alama ilikuwa pale, chini ya suruali ya baba, ndefu kama kiganja.

"Ni kweli," baba akasema. "Damu siyo mchezo. Si kila mtu anaiweza."

"Siyo mchezo," Nesi akasema.

Wakamgeukia Birika. Alijua wanachomngojea. Mwanawe alikuwa ameibeba hasara yote peke yake, kutoka chuoni mpaka nyumbani, akaifungasha vizuri ili mama asiione bei, na sasa alikuwa anamwomba kwa macho aipokee hivyo hivyo. Alitaka kumwangukia, alitaka kusema nisamehe mwanangu, nimekuua nikiwa nakutafutia. Lakini angesema hivyo angeurarua ule uongo, na binti hakuwa na kingine cha kumpa.

"Damu inatisha, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri kusema mapema."

Nesi akashusha pumzi. "Nina njaa," alisema. "Kuna chakula?"

"Kipo."

Birika akapakua. Binti alikula kwa bidii, kama mtu aliyetoka kazini, akisifia nyama, akisifia wali, na kila tonge alilisukuma kwa maji. Sahani ilipoisha akaisogeza mbele, akasema kitamu, mama, niongeze. Birika akamwongezea. Akamwongezea tena, na tena, mpaka wali ukamwagika mezani, wala binti hakusema basi.